Kufika Tokyo kwa Njia ya London: Uhakiki wa Maelezo ya Masomo ya Awali ya Kijapani kwa Mwanagenzi Anayezungumza Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna misingi ya Kijapani inavyofafanuliwa kwa mwanagenzi ambaye lugha yake ni Kiswahili lakini analazimika kusoma maelezo ya sarufi yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Kielelezo chetu ni juzuu ya kwanza ya Minna no Nihongo, kitabu kinachotumika sana katika madarasa ya awali. Hoja kuu ni kwamba maelezo hayo hufanya makosa mawili yanayopingana. Kwanza, humfundisha msomaji wa Kiswahili kwa urefu mambo ambayo lugha yake tayari inayo. Pili, hunyamaza kimya mahali ambapo lugha yake itamwangusha. Makala yanahitimisha kwamba kinachohitajika si kitabu kipya, bali juzuu fupi ya maelezo kwa Kiswahili, na kwamba hati za Kirumi ziondolewe mapema zaidi kwa msomaji wa Kiswahili kuliko kwa msomaji mwingine.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa makala haya alipokuwa mwanagenzi wa Kijapani, aliwahi kurudishiwa zoezi la saa likiwa na alama nyekundu karibu kila mstari. Palipoandikwa kuji, yeye alikuwa ameandika "saa tisa", kwa kuwa ku ni tisa na ji ni saa. Jibu lilikuwa sahihi kwa kamusi na kosa kwa jua: kuji asubuhi ni wakati ambao Mswahili huuita saa tatu. Kitabu hakikuwa na neno lolote la kumwonya, na hakikuwa na sababu ya kuwa nalo. Maelezo yake yaliandikwa kwa msomaji wa Kiingereza, ambaye saa yake na saa ya Kijapani huanzia usiku wa manane na adhuhuri.

Kosa hilo ni dogo, lakini linadokeza swali kubwa zaidi: mwanagenzi anapofunzwa lugha ya tatu kwa kupitia lugha ya pili, nani anayepimwa na maelezo hayo? Robert Lado, katika kazi yake ya mwaka 1957, alidai kwamba ugumu wa lugha mpya hutegemea tofauti iliyopo kati yake na lugha ya kwanza ya mwanafunzi. Dai hilo lilipunguzwa makali baadaye, hasa baada ya makala ya Pit Corder ya mwaka 1967, iliyoonyesha kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga mwenyewe, wala si mwangwi tu wa lugha ya mama. Makala haya yanakubali marekebisho hayo. Hata hivyo, yapo mambo ambayo nadharia zote mbili zinaafikiana: mwanafunzi huanza na kile alicho nacho, na mwalimu asiyejua mwanafunzi wake ana nini hufundisha gizani.

2.0 Kitabu na mpango wake

Minna no Nihongo ilichapishwa na 3A Corporation ya Tokyo mwaka 1998, na toleo la pili la juzuu ya kwanza lilitoka mwaka 2012. Juzuu hiyo ina masomo 25. Kitabu kikuu kimeandikwa chote kwa Kijapani. Tafsiri ya msamiati na maelezo ya sarufi yamewekwa katika juzuu ya pembeni, inayopatikana kwa lugha mbalimbali. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki kwa kawaida hushika juzuu ya Kiingereza.

Mpango huu una sifa mbili zinazostahili kutajwa kabla ya kukosolewa. Sifa ya kwanza ni kwamba sentensi za Kijapani hazichanganywi na lugha nyingine, hivyo darasa moja linaweza kuwa na wanafunzi wa mataifa kumi. Sifa ya pili ni mpangilio wa hatua kwa hatua: sentensi ya utambulisho yenye wa na desu katika somo la 1, vioneshi katika somo la 2, saa katika somo la 4, kuwepo kwa vitu na viumbe katika somo la 10, vihesabio katika somo la 11, na umbo la te katika somo la 14. Hakuna hatua inayorukwa. Kwa hiyo uhakiki huu haulengi kitabu kikuu, bali daraja linalomfikisha mwanagenzi kwenye kitabu hicho.

3.0 Pale maelezo yanapozunguka bure

3.1 Vioneshi

Kijapani kina ngazi tatu za kuonyesha: kore kwa kilicho karibu na msemaji, sore kwa kilicho karibu na msikilizaji, na are kwa kilicho mbali na wote wawili. Kiingereza kina ngazi mbili tu, kwa hiyo maelezo yake hulazimika kuongeza ufafanuzi ili kutenganisha sore na are, na mwanafunzi hulazimika kukariri kanuni.

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kanuni hiyo. Anasema hiki, hicho na kile tangu utotoni. Ulinganifu hauishii kwenye umbali. Hicho hutumika pia kurejelea jambo lililokwisha kutajwa, na sore hufanya kazi hiyo hiyo. Tunaposema "yule mzee" kwa maana ya mzee ambaye mimi na wewe tunamjua ingawa hayupo, Mjapani naye atatumia ano, jamaa ya are. Jambo ambalo juzuu ya Kiingereza hulieleza kwa aya nzima lingetosheka kwa mstari mmoja: kore ni hiki, sore ni hicho, are ni kile. Badala yake, mwanagenzi wetu hushushwa kutoka ngazi tatu hadi mbili, kisha hupandishwa tena hadi tatu, na njiani huanza kuamini kwamba Kijapani kina jambo geni.

3.2 Uhai na kuwepo

Somo la 10 linatenganisha vitenzi viwili vya kuwepo: imasu kwa watu na wanyama, arimasu kwa vitu na mimea. Kwa msomaji wa Kiingereza hili ni jambo jipya kabisa. Kwa msomaji wa Kiswahili ni jambo la kila siku. Kijiko na kiboko ni nomino zenye umbo moja, lakini tunasema "kijiko kipo mezani" na "kiboko yupo mtoni". Uhai wa kiboko unashinda umbo la neno na kuvuta upatanisho wa ngeli ya watu. Mti, ijapokuwa unakua na kuzaa, tunasema "upo", si "yupo". Kijapani nacho humpa mti arimasu. Mpaka umechorwa karibu mahali pale pale katika lugha zote mbili.

Tofauti ipo katika upana. Katika Kiswahili uhai huonekana katika kivumishi, kioneshi na kitenzi. Katika Kijapani cha awali huonekana hasa katika kitenzi hicho cha kuwepo. Lakini tofauti hiyo ni ya kumpunguzia mwanagenzi kazi, si ya kumwongezea.

3.3 Miezi na mada

Majina ya miezi ya Kijapani ni hesabu: ichigatsu ni mwezi wa kwanza, nigatsu mwezi wa pili, mpaka juunigatsu, mwezi wa kumi na mbili. Juzuu ya Kiingereza huyatafsiri kwa majina ya kizungu, na mwanafunzi huanza kukariri jozi kumi na mbili. Yeye ambaye nyumbani kwao husema "mwezi wa nane" hakuhitaji kukariri chochote ila namba.

Kiambishi wa, kinachotaja mada ya sentensi, ndicho kinachowatesa wengi zaidi. Akira Mikami alikifanya kuwa kiini cha kitabu chake cha mwaka 1960, ambacho jina lake lenyewe ni mfano wa sentensi: Zoo wa hana ga nagai. Kwa Kiswahili tunaweza kusema, "Tembo, mkonga wake ni mrefu." Tembo anatajwa kwanza, kisha jambo linasemwa juu yake. Vivyo hivyo Kono hon wa yomimashita ni "Kitabu hiki nimekisoma", ambapo yambwa imetangulizwa na kiambishi -ki- kimebaki ndani ya kitenzi kuonyesha nafasi yake. Hatudai kwamba sarufi hizi mbili ni moja. Tunachodai ni kwamba msemaji wa Kiswahili anaujua mwendo huu wa kutanguliza mada, na kwamba maelezo yanayoanza kwa kumwambia kwamba wa huonyesha kiima, kisha yakageuka kumwambia kwamba si kiima, yanampa tatizo ambalo hakuwa nalo.

3.4 Adabu ya mazungumzo

Misemo ya maamkizi ndiyo inayopoteza zaidi inapopitia Kiingereza. Gomen kudasai, inayosemwa mlangoni pa mtu, hutafsiriwa kama ombi la radhi. Kumbe kazi yake pale mlangoni ni kazi ya hodi. Otsukaresama desu, wanayoambiana wafanyakazi wanapoagana, haina neno la Kiingereza linalolingana nayo, lakini mtu aliyezoea "pole na kazi" huielewa mara moja, ingawa atapaswa kuambiwa kwamba ya Kijapani hukaa zaidi kati ya watu wanaofanya kazi pamoja. Matumizi ya anata nayo ni hivyo hivyo. Juzuu ya Kiingereza hutafsiri neno hilo kama kiwakilishi cha nafsi ya pili, kisha huonya kwamba lisitumiwe ovyo. Mswahili anajua uzito wa kumwambia mtu mzima "wewe" pasipo haja. Anajua pia kumwita mzee asiyemjua "babu" au "bibi", kama Mjapani anavyomwita ojiisan au obaasan.

4.0 Pale Kiswahili kinapopotosha

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusifu undugu wa lugha hizi. Huo ungekuwa upotoshaji. Yapo mahali ambapo kufanana kunaumba mtego, na mitego hiyo haimo katika juzuu ya Kiingereza kwa sababu msomaji wa Kiingereza ana mitego yake mwenyewe.

4.1 Urahisi wa hati za Kirumi

Kitabu hiki kina pia toleo lililoandikwa kwa hati za Kirumi. Mfumo wa Hepburn, ulioenezwa na toleo la tatu la kamusi ya James Curtis Hepburn la mwaka 1886, unamfaa Mswahili kwa namna ya ajabu: irabu tano ni zile zile, na ch, sh na j husomeka kama alivyozizoea. Mwanagenzi hufungua ukurasa na kusoma kwa sauti siku hiyo hiyo. Hapo ndipo hatari ilipo. Msomaji wa Kiingereza hujua kwamba anakosea. Msomaji wa Kiswahili hudhani amepatia.

Chukua neno obasan, linalomaanisha shangazi au mwanamke wa makamo. Mswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho na kuirefusha kidogo. Akiisoma san kama silabi moja, mkazo huangukia ba, irabu hurefuka, na neno hukaribia obaasan, yaani bibi kizee. Shangazi amezeeka kwa sababu ya mkazo. Ndivyo pia yuki, theluji, inavyoelekea kuwa yuuki, ujasiri. Katika Kijapani urefu wa irabu hutenganisha maana, na mkazo wa aina yetu haupo. Kilichopo ni kupanda na kushuka kwa kidatu.

Dawa ya kosa hili imo ndani ya Kiswahili chenyewe. Kata na kataa ni vitenzi viwili tofauti, na kila mtoto hujua kwamba cha pili kina silabi tatu: ka-ta-a. Mwalimu anayeanza na kataa ataweza kumhesabia mwanafunzi mapigo matano ya o-ba-a-sa-n kwa vidole. Juzuu ya Kiingereza haiwezi kutumia mfano huo.

4.2 Nazali

N ya Kijapani huhesabiwa kama pigo kamili. Msemaji wa Kiswahili ana msingi wa jambo hili, maana m ya mtu na n ya nchi ni silabi. Lakini katikati ya neno desturi yetu ni nyingine: kamba ni ka-mba, silabi mbili, na nazali huungana na konsonanti inayofuata. Kwa hiyo tonbo, kereng'ende, lenye mapigo matatu ya to-n-bo, husomwa to-mbo kwa mapigo mawili.

Hati za Kirumi huzidisha utata. Kinen ni kumbukumbu. Kin'en ni katazo la kuvuta sigara. Alama ya ritifaa ndiyo inayotenganisha maneno hayo. Mswahili anaiheshimu alama hiyo, kwa kuwa anajua tofauti ya ng'ombe na ngoma, lakini kwake huonyesha sauti nyingine ya herufi, si mpaka wa silabi. Anaijua alama, na bado anaweza kuisoma vibaya.

4.3 Mpangilio wa maneno

Katika mpangilio wa maneno Kiswahili hakisaidii chochote, na ni vyema kusema hivyo waziwazi. Kivumishi chetu hufuata nomino. Cha Kijapani huitangulia. "Stesheni ya Tokyo" ni Tookyoo no eki, na no hukaa mahali pa -a unganifu huku pande zote mbili zikiwa zimegeuzwa. "Keki aliyoitengeneza mama" ni haha ga tsukutta keeki: kishazi chote kimehamia mbele. Ukanushi wetu hukaa mwanzoni mwa kitenzi, wa Kijapani mwishoni. Katika somo la 22, linaloshughulikia vishazi vya aina hii, mwanagenzi wetu anahitaji mazoezi mengi zaidi kuliko kitabu kinavyompa.

5.0 Vihesabio na ngeli: mtihani wa hoja

Somo la 11 linafaa kuwa mtihani wa hoja nzima, kwa sababu hapa msaada na mtego vimekaa pamoja. Kijapani hakihesabu kwa namba tupu. Penseli tatu ni enpitsu sanbon, stempu mbili ni kitte nimai, vitabu viwili ni hon nisatsu: hon kwa vitu virefu vyembamba, mai kwa vitu bapa, satsu kwa vitabu. Wanafunzi wengi huona hili kama adhabu.

Msemaji wa Kiswahili naye hahesabu kwa namba tupu. Husema watu wawili, vitabu viwili, miti miwili, nyumba mbili. Anajua pia kwamba si namba zote hutii: sita, saba na tisa, zilizotoka Kiarabu, hazipokei upatanisho. Kijapani nacho kina tabaka mbili za namba, za asili na za Kichina, ndiyo maana mtu mmoja ni hitori, wawili ni futari, lakini watatu ni sannin. Hata mabadiliko ya sauti yanajulikana: -wili ikikutana na nazali huwa mbili, na hon ikikutana na nazali ya san huwa bon. Mwanagenzi aliyeonyeshwa hayo hataona sanbon kama ukaidi wa lugha. Ataiona kama kanuni ya jamii anayoifahamu.

Lakini mtego upo. Ngeli ni mali ya nomino, nayo hukaririwa pamoja na nomino; kihesabio huchaguliwa zaidi kwa umbo au aina ya kitu. Mwalimu akisema tu kwamba vihesabio ni ngeli za Kijapani, mwanafunzi atatafuta upatanisho katika vivumishi na vitenzi, wala hataupata. Ulinganisho unafaa kufungua mlango, haufai kuwa nyumba.

6.0 Hitimisho

Pingamizi moja linastahili jibu. Itasemwa kwamba mwanafunzi wa Afrika Mashariki amesoma Kiingereza shuleni, hivyo juzuu ya Kiingereza haimzuii. Ni kweli haimzuii kuelewa maneno. Lakini mifano iliyojadiliwa hapa haihusu maneno. Inahusu mambo ambayo maelezo yanachukulia kwamba msomaji anayo au hana. Msomaji anayejua Kiingereza bado husema hicho, bado hurefusha silabi ya pili kutoka mwisho, na bado huiita kuji ya asubuhi saa tatu.

Ni lazima pia kukiri mipaka. Huu ni uhakiki wa maelezo, si jaribio lililowapima wanafunzi. Aidha, sehemu moja ya Kijapani haiguswi na lolote lililosemwa hapa, nayo ni kanji. Orodha rasmi ya matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina alama 2,136, na hakuna lugha ya Kibantu itakayompunguzia mtu hata moja.

Kana ni jambo jingine. Hiragana za msingi ni 46, na jedwali lake limepangwa kwa konsonanti na irabu, herufi moja kwa silabi moja. Mtu aliyefunzwa kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu alikwisha kuiona hesabu hiyo akiwa darasa la kwanza. Kilichobadilika ni mpangilio wa irabu na sura ya herufi. Katakana nayo itamkutanisha na hoteru, kurabu na basu, maneno yaliyoongezewa irabu kama alivyoongezewa yeye hoteli, kilabu na basi. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya hatari zilizoonyeshwa katika sehemu ya 4.1, makala yanapendekeza kwamba darasa la wasemaji wa Kiswahili lianze na kana tangu juma la kwanza na kuacha toleo la hati za Kirumi.

Pendekezo la pili ni juzuu ya maelezo kwa Kiswahili kwa masomo haya 25. Haihitaji kuwa ndefu. Kila somo lingekuwa na sehemu tatu: unachokijua tayari, usichokijua, na unachodhani unakijua. Sehemu ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyoweza kutafsiriwa kutoka Kiingereza. Upande wa pili wa daraja umekwisha kujengwa: Chuo Kikuu cha Osaka, kilichounganishwa mwaka 2007 na Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka, hufundisha Kiswahili, na mwanafunzi wake hukifikia Kiswahili kutoka Kijapani moja kwa moja. Mwanagenzi wa Zanzibar au Nakuru anayetaka kwenda upande ule bado huzungushwa London. Kumfungulia njia fupi ni kazi ya wataalamu wa Kiswahili wenyewe, na zana zake, kama makala yalivyojaribu kuonyesha, zimo katika sarufi tunayoifundisha kila siku.